"Mzizi wa Saratani": Mfano Mzuri Uliomponza Baba Mdogo

Desemba moja nikiwa likizo nyumbani Tarime, baba mdogo aliniuliza swali ambalo mtu yeyote anayesomea seli za saratani hulisubiri kwa hamu. Alikuwa ametimiza mwaka mmoja na nusu akimeza dawa kila siku kwa ajili ya saratani ya damu. Bandama iliyokuwa imevimba mpaka vifungo vya shati havifungi ilikuwa imerudi saizi yake. Alikuwa analima, anapanda bodaboda kwenda mnadani, anamaliza ugali wake. "Sasa mwanangu," akasema, "mimi mbona nimepona? Hizi dawa ni za nini tena?"

Nikamjibu kwa mfano ninaoupenda. "Baba, hizo dawa zinakata matawi. Mzizi wa ugonjwa bado umejificha ndani ya mifupa. Ukiacha, unachipua upya." Watu wote pale uani wakatikisa vichwa kukubali. Nami nikajisikia vizuri, bhana. Miaka yote ya chuo imeingia kwenye sentensi tatu, na kila mtu kaelewa.

Na kweli walielewa. Miezi minne baadaye nikapigiwa simu kwamba baba mdogo ameacha vidonge. Amempata mtu mnadani anayeuza dawa ya unga "inayong'oa mzizi wa kansa". Nilimpigia nikiwa na hasira. Yeye alinijibu taratibu kabisa: "Si wewe mwenyewe ulisema za hospitali zinakata matawi tu? Basi mimi nimefuata mzizi."

Sikuwa na jibu.

Makala hii ni uhakiki wa sentensi zangu zile tatu. Siandiki kumsema muuzaji wa mnadani, maana yeye alipita tu kwenye mlango niliouacha wazi. Nataka tuukague mfano wenyewe, huu wa "mzizi", ambao sisi tunaoandika na kufundisha kuhusu seli shina za saratani tunautumia kila siku. Unasema kweli wapi? Unadanganya wapi? Na je, hatuna mfano bora kuliko huo?

Mfano umetoka wapi

Soma maelezo ya seli shina za saratani mahali popote, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, hukawii kukutana na magugu. Ukifyeka majani ya juu gugu litarudi, kwa hiyo ng'oa mzizi. Sisi wa Kiswahili tumesukumwa huko hata na jina. Tumeziita seli shina, na penye shina mtu lazima atafute mizizi.

Wazo lenyewe halikutoka hewani. Mwilini mwako sasa hivi seli zinakufa na nyingine zinazaliwa. Chembe nyekundu ya damu huishi takribani siku 120, kisha inaondolewa. Pengo lake linazibwa kutoka kwenye uboho, ile nyama laini iliyo ndani ya mifupa, ambako kuna seli chache zinazoitwa seli shina za damu. Seli shina ikijigawa inaweza kutoa seli mbili zenye hatima tofauti: moja inabaki shina kama mama yake, nyingine inaanza safari ya kuwa chembe nyekundu, chembe nyeupe au chembe sahani. Sehemu kubwa ya maisha yao, seli shina hizi zimelala. Zinaamka zinapohitajika.

Sasa nadharia inasema hivi: baadhi ya saratani zina mpangilio huohuo. Uvimbe si gunia la seli zinazofanana. Ndani yake wapo wachache wenye uwezo wa kuuanzisha upya, na wengi ambao wanajigawa mara kadhaa kisha wanafika mwisho wao. Ukiua wale wengi ukawaacha wachache, uvimbe utapungua, utafurahi, halafu utarudi.

Mwaka 1994 kundi la John Dick huko Toronto, Kanada, lilichukua seli za wagonjwa wa lukemia kali likaziingiza kwenye panya waliopungukiwa kinga ya mwili. Waliona kwamba takribani seli moja tu kati ya 250,000 ndiyo iliyoweza kuanzisha lukemia ndani ya panya. Mwaka 1997 Dick na Dominique Bonnet wakaonyesha kwamba seli hizo chache zina alama zake usoni mwa seli, na kwamba ndani ya panya zinazaa mpangilio mzima wa ugonjwa kama ulivyokuwa kwa mgonjwa. Mwaka 2003 watafiti wa Michigan, Marekani, wakafanya jambo kama hilo kwa saratani ya matiti: seli 100 tu zenye alama fulani zilianzisha uvimbe, wakati makumi ya maelfu ya seli nyingine za uvimbe uleule hayakuanzisha kitu.

Ukisoma matokeo hayo ukiwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, ni rahisi kuona kwamba fumbo limefumbuliwa. Kumbe saratani ina mzizi! Mimi niliona hivyo.

Hapo ambapo mfano unasema kweli

Haki itendeke kwanza. Ugonjwa wa baba mdogo ni mmoja wa magonjwa ambayo nadharia hii inayaeleza vizuri sana.

Anaugua lukemia sugu ya mieloidi. Ni saratani ya damu inayokwenda polepole mwanzoni, na hapa kwetu mara nyingi mtu hufika hospitali bandama ikiwa imejaa tumbo upande wa kushoto, baada ya kutibiwa malaria mara tano. Chanzo chake kinajulikana kuliko chanzo cha saratani nyingi. Mwaka 1960 watafiti wawili mjini Philadelphia waliona kromosomu fupi isiyo ya kawaida kwenye seli za wagonjwa. Mwaka 1973 Janet Rowley akaonyesha kwamba kromosomu namba 9 na namba 22 zimebadilishana vipande. Kubadilishana huko kunaunganisha jeni mbili zisizojuana, na jeni hiyo mpya, BCR-ABL, inatengeneza protini ambayo ni kama swichi ya taa iliyokwama kwenye "washa". Seli inaambiwa jigawe, jigawe, jigawe.

Dawa yake, imatinibu, inaingia kwenye tundu la protini hiyo na kuizima. Marekani iliiruhusu Mei 2001, na jina la kibiashara, Glivec, likawa maarufu duniani. Kwa Tanzania, wagonjwa wengi waliipata bila malipo kupitia mpango wa msaada uliosimamiwa na The Max Foundation, na Taasisi ya Saratani Ocean Road ilikuwa miongoni mwa vituo vyake. Kabla ya hapo ugonjwa huu ulikuwa unahesabiwa kwa miaka michache. Katika utafiti mkubwa uliofuatilia wagonjwa walioanza na imatinibu, asilimia 83 hivi walikuwa hai baada ya miaka 10.

Na bado, seli shina za ugonjwa huu hazifi kirahisi. Maabara kadhaa zimeonyesha kwamba zile zilizolala ndani ya uboho zinaweza kuishi hata swichi ikizimwa, kwa sababu uhai wao hautegemei swichi hiyo peke yake. Dawa inawamaliza watoto na wajukuu, bibi kizee anabaki ndani amelala.

Hilo si hofu ya maabara tu. Nchini Ufaransa watafiti waliwachukua wagonjwa 100 ambao kwa miaka miwili au zaidi vipimo makini kabisa havikuona ugonjwa, wakawaachisha dawa wakiwapima mara kwa mara. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Kwa takribani wagonjwa sita kati ya kumi dalili za ugonjwa kwenye damu zilirudi, wengi wao ndani ya miezi sita. Waliporudishiwa dawa, walitulia tena. Wanne kati ya kumi walibaki salama bila dawa kwa kipindi hicho.

Kwa hiyo nilipomwambia baba mdogo "ukiacha, unachipua upya", sikumdanganya. Kilichokuwa na kasoro ni mambo mengine ambayo mfano uliyabeba kimyakimya.

Kasoro ya kwanza: mzizi hauko mmoja, wala hautulii

Neno "mzizi" linakupa picha ya kitu kimoja kilichokaa mahali pamoja. Ukichimba unakiona. Ukikitoa, kazi imekwisha.

Mwaka 2008 kundi jingine la Michigan, la Sean Morrison, lilirudia jaribio la panya kwa kutumia saratani ya ngozi iitwayo melanoma. Safari hii walitumia panya waliopungukiwa kinga zaidi na wakaboresha namna ya kuingiza seli. Kwa njia za zamani ilionekana kama seli moja kati ya karibu milioni ndiyo "mzizi". Kwa njia mpya, takribani seli moja kati ya nne iliweza kuanzisha uvimbe. Moja kati ya nne! Hapo huwezi tena kusema mzizi na matawi. Ni kama kukuta kila tawi la nne lina uwezo wa kuwa mti.

Somo la utafiti ule si kwamba nadharia ni ya uongo. Kwa lukemia kadhaa imesimama imara. Somo ni kwamba kipimo chetu kilikuwa na mkono ndani ya jibu: panya waliwakataa wengi, nasi tukasema hao wengi hawana uwezo.

Kuna tatizo jingine gumu zaidi. Katika saratani fulani za matiti, kwa mfano, imeonekana maabara kwamba seli ya kawaida ya uvimbe inaweza kurudi nyuma na kuchukua tabia za seli shina. Yaani ukiwaua wote wenye cheo, mmoja wa wasio na cheo anapanda. Muhogo unaweza kukusaidia kupata picha. Unang'oa shina zima, unabeba viazi nyumbani, lakini kipande cha mti ulichokitupa pembeni kikipata udongo na mvua, kinaota. Hapo mzizi ulikuwa wapi?

Kasoro ya pili: mfano unaidharau dawa inayofanya kazi

Hii ndiyo iliyomponza baba mdogo. Ukishasema "matawi", umeshusha thamani ya kila kitu kinachokata matawi. Nani anataka kulipa nauli mpaka Mwanza kwa ajili ya matawi?

Lakini mtu aliyeishi miaka 10 kwa "kukata matawi", akasomesha watoto, akaona wajukuu, amepata nini kama si uhai?

Isitoshe, zipo saratani zinazopona kabisa bila dawa yoyote iliyolenga seli shina, na mfano mmoja uko jirani yetu. Shirati iko Rorya, eneo lililokuwa sehemu ya Wilaya ya Tarime mpaka mwaka 2007. Ukanda huu wa Ziwa Victoria ni sehemu ya eneo la Afrika ambako watoto wanapata limfoma ya Burkitt, ule uvimbe wa taya au tumbo unaokua haraka kuliko karibu uvimbe wowote wa binadamu. Daktari Denis Burkitt aliueleza akiwa Kampala mwaka 1958. Mwaka 1961 alisafiri kwa gari pamoja na wenzake wawili, wiki kumi, kupitia nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, akiuliza hospitali kwa hospitali wapi wanauona na wapi hawauoni. Miaka ya karibuni utafiti uitwao EMBLEM uliwafuatilia watoto wa Uganda, Kenya na Tanzania, na vituo vyake vya Tanzania vilikuwa Bugando na Shirati.

Limfoma ya Burkitt inatibiwa kwa dawa za kemikali za zamani. Burkitt mwenyewe aliona uvimbe mkubwa ukiyeyuka kwa dozi chache. Mtoto akifika mapema na kumaliza mzunguko wake wa dawa, ana nafasi nzuri ya kupona kabisa. Hakuna aliyeuliza kwanza mzizi wa uvimbe huo uko wapi. Seli zake zinajigawa kwa kasi hivyo kwamba wengi wako macho muda wote, na dawa za kemikali huwapiga walio macho.

Sasa fikiria mzazi wa mtoto huyo amesikia mfano wangu. "Hospitali wanakata matawi." Anaweza kumpoteza mtoto ambaye angepona.

Kasoro ya tatu: mzizi unaahidi siku moja

Kung'oa ni tendo la mara moja. Unainama, unavuta, umemaliza. Mgonjwa aliyechoka kumeza vidonge anataka neno hilo kuliko neno lolote. Ndugu zetu wengi wa Tarime na Serengeti wanakumbuka mwaka 2011, maelfu ya watu walipomiminika kijiji cha Samunge, Loliondo, upande wa pili wa Hifadhi ya Serengeti, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Masapila kwa shilingi 500. Kikombe kimoja, basi. Siwacheki waliokwenda. Tamaa ya kumaliza ugonjwa kwa siku moja ni ya kibinadamu kabisa.

Nawe usidhani tamaa hiyo inakaa kijijini peke yake. Mwaka 2016 kampuni kubwa ya dawa AbbVie ilinunua kampuni changa ya Stemcentrx kwa takribani dola bilioni 5.8. Stemcentrx ilikuwa na jina hilo kwa sababu ilijengwa juu ya wazo letu hili: tafuta seli shina za saratani, ziue. Dawa yake kuu, Rova-T, ilikuwa kingamwili iliyobeba sumu, ikiifuata alama iitwayo DLL3 kwenye seli za aina moja kali ya saratani ya mapafu. Kwenye majaribio makubwa ya watu, jaribio moja lilisimamishwa kwa sababu waliopewa Rova-T waliishi muda mfupi zaidi kuliko waliopewa dawa ya kawaida. Mwaka 2019 kampuni iliachana nayo.

Dawa nyingine, napabukasini, ilitangazwa kama dawa ya kuzima tabia ya ushina ndani ya saratani. Ilijaribiwa kwa saratani ya tumbo, ya kongosho na ya utumbo mpana. Majaribio makubwa ya saratani zote tatu hayakuonyesha kwamba inaongeza maisha.

Naomba uone jambo hapa. Muuzaji wa mnadani na mwekezaji wa California walinunua neno moja. Tofauti yao ni kwamba Rova-T ililazimika kupimwa kwa watu mbele ya macho ya wote, ikaanguka, na tukajua imeanguka. Unga wa mnadani haupimwi na mtu, kwa hiyo hauanguki kamwe. Nayo hadithi ya Rova-T haikuishia kwenye kuanguka. Alama ileile ya DLL3 ilifuatwa kwa njia nyingine, kwa kuunganisha seli ya saratani na askari wa kinga ya mwili, na Mei 2024 dawa ya aina hiyo, tarlatamabu, iliruhusiwa Marekani. Kushindwa kulikopimwa kulifundisha kitu.

Mfano wa shambani: kiduha

Basi tuseme nini badala ya mzizi? Nimelifikiria hili sana, na jibu nililipata shambani kwa baba mdogo mwenyewe.

Kama umelima mahindi, mtama au ulezi Mara, kiduha unakijua. Ni gugu lenye maua mazuri ya zambarau linalonyonya mizizi ya mazao. Mahindi yanadhoofika, yanakuwa manjano, hata mvua ikiwepo. Ukikiona juu ya ardhi, madhara yameshafanyika chini. Mche mmoja unaweza kutoa makumi ya maelfu ya mbegu, ndogo kama vumbi, na mbegu hizo zinaweza kulala udongoni zaidi ya miaka 10. Haziamki ovyo. Zinasubiri mpaka zinuse kemikali zinazotolewa na mizizi ya zao lililo karibu.

Hakuna mkulima wa kiduha anayekuambia "nimeking'oa, kimeisha". Anakwambia "msimu huu nimekizuia kisizae". Anang'oa kabla ya maua, kila msimu. Anaweka samadi. Anabadilisha mazao. Na hapa kuna kitu kizuri sana: akipanda pamba, mizizi ya pamba inatoa harufu inayoziamsha mbegu za kiduha, lakini kiduha hakiwezi kuishi juu ya pamba. Kinaamka, kinakosa chakula, kinakufa. Kemikali ya kwanza ya aina hiyo ilipatikana kwenye mizizi ya pamba, mwaka 1966. Ng'ambo ya mpaka, kituo cha utafiti cha ICIPE kule Mbita kando ya Ziwa Victoria wameikuza mbinu ya sukuma-vuta, ambayo hupanda desmodiamu katikati ya mahindi, na mmea huo unafanya kazi inayofanana na hiyo kwa kiduha.

Sasa rudi kwenye uboho. Seli shina za lukemia ni mbegu zilizolala. Dawa ya kila siku ni kung'oa kila msimu kabla ya maua: haizimalizi mbegu zote, lakini inazuia shamba lisiliwe, na pengine baada ya miaka mingi mbegu zinapungua. Na watafiti wamefikiria kama wakulima wa pamba: je, tukiwaamsha kwanza ndipo tuwapige? Mwaka 2009 watafiti wa Ulaya walionyesha kwenye panya kwamba interferoni-alfa, kemikali ya kinga ya mwili, inaziamsha seli shina za damu zilizolala. Tangu hapo kumekuwa na majaribio ya kuunganisha kuamsha na kuua. Bado si tiba ya kawaida ya kumwandikia mgonjwa, ila ni njia yenye akili.

Mfano wa kiduha una kasoro zake, na naona ni haki kuzitaja, nisije nikarudia kosa. Mche wa kiduha uliokomaa haurudi kuwa mbegu, lakini tumeona kwamba seli ya saratani inaweza kurudi nyuma. Na shamba unaweza kuliacha ukalime kwingine. Mwili huna wa akiba. Ila tofauti na mzizi, kiduha hakikuahidi siku moja, wala hakikudharau jembe.

Maswali manne

Wewe unayesoma hii, siku moja utaletewa dawa "ya kuua seli shina za saratani" au "ya kung'oa mzizi". Itakuwa unga, kidonge cha virutubisho chenye jina la Kizungu, au video iliyosambazwa mara elfu. Muulize anayekuletea mambo manne.

Ni saratani ipi? Ya damu, ya matiti, ya shingo ya kizazi na ya taya hazina tabia moja. Anayesema "zote" hajajibu.

Ilijaribiwa kwa nani? Seli za kwenye sahani ya maabara hufa kwa vitu vingi, hata kwa dawa ya kufulia nguo. Panya ni hatua. Watu, waliolinganishwa na watu wengine, ndio jibu.

Utajuaje kwamba mzizi umekufa? Kwa lukemia ya baba mdogo kipimo kipo: kinahesabu alama za BCR-ABL kwenye damu. Hata mashine ya GeneXpert, ileile tunayoijua kwa kifua kikuu, ina kipimo chake cha BCR-ABL. Kujisikia vizuri ni jambo jema, lakini hakuhesabu mbegu zilizolala. Wale wagonjwa wa Ufaransa waliacha dawa baada ya miaka ya vipimo safi, chini ya uangalizi. Baba mdogo aliacha baada ya mwaka na miezi kumi kwa sababu shati lilikuwa linafunga.

La nne ni la muhimu kuliko yote: unataka niache nini? Dawa ya pembeni ikija na sharti la kuacha ya hospitali, ondoka hapo.

Na maswali hayohayo tuulizane sisi wa maabara tunapoandika "tumaini jipya la kuua mzizi wa saratani" ili watu wabonyeze kusoma. Mfano ni dawa. Una dozi yake na una madhara yake, na anayeutoa anapaswa kuyajua yote mawili kabla ya kumpa mtu.

Baba mdogo alikaa miezi mitano bila vidonge. Bandama ilirudi, na safari hii homa za usiku pia. Kaka yangu mkubwa ndiye aliyemshika mkono wakapanda basi. Daktari hakumfokea, alimpima, akamrudishia dawa, akamwambia amebahatika kwamba ugonjwa ulikuwa haujavuka hatua ya kwanza. Kuna wanaorudi ukiwa umeshavuka, na hao imatinibu peke yake haiwatoshi.

Nilipokwenda nyumbani tena tulikaa palepale uani. Nikamweleza habari ya mbegu za kiduha. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Kwa hiyo napalilia mpaka lini?" Nikamwambia ukweli: pengine maisha yote, pengine siku moja vipimo vitaruhusu kupumzika, lakini daktari ndiye atakayesoma vipimo hivyo, si mimi wala mtu wa mnadani. Akasema, "Hiyo naielewa. Kiduha nakipalilia tangu nikiwa mtoto."

Siku hizi tarehe 20 ya kila mwezi mtu mmoja kwenye kundi la WhatsApp la ukoo anaandika neno moja tu: "Nauli." Tunachanga, anakwenda, anarudi na vidonge vyake.